Kuna Kufa na Kuna Kuoza

Vijana wangu, mmeniuliza mara nyingi nilikuwa nafanya kazi gani mjini miaka ile yote. Mlikuwa mkiniona nashuka hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, Ijumaa jioni kutoka Lilongwe, mfuko wa nailoni mkononi na vidole vya rangi ya zambarau. Wengine mlisema napaka nguo rangi. Mama mmoja wa hapa kambini alishikilia kwamba mimi ni mchinjaji, na kwa kweli hakukosea sana. Nilikuwa nakata nyama. Tofauti ni kwamba ilikuwa nyama ya watu, vipande vidogo vilivyozamishwa ndani ya nta, na nilivikata vyembamba hivi kwamba ukipiga chafya umepoteza kazi ya siku mbili. Nilikuwa fundi wa maabara, kazi yangu kuandaa vioo ambavyo daktari huvisoma kwa hadubini. Sasa nimestaafu na mikono inatetemeka. Kwa kuwa watatu kati yenu mmeanza masomo hayo, nawaandikia niliyojifunza, pamoja na aibu yangu moja.

Aliyenipokea kazini ni Mayi Gondwe, yaani Mama Gondwe, mkuu wa maabara, mzaliwa wa Karonga kule karibu na Tanzania. Kiswahili alikuwa nacho, cha sokoni lakini chenye pilipili. Mimi nilikuwa nimetoka Kindu, kule Kongo, na cheti changu kilichokunjwa mara nane ndani ya plastiki. Hakukitazama. Alinituma soko la Kawale, mtaa nilikopanga chumba, nikanunue ini la mbuzi, na kwa wiki tatu sikugusa kitu kingine. Nikikata likajikunja, anatupa. Likipasuka, anatupa. Siku kipande cha kwanza kilipoelea kimenyooka juu ya maji ya vuguvugu, nilimwita kwa fahari. Alikuja, akainama, akasema, "Vizuri. Umemtibu mbuzi."

Nilimchukia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Baadaye nilimshukuru, na namshukuru hadi leo, kwa sababu kila nilichokijua kuhusu kazi hii kilitoka mkononi mwake. Alinifunza kupoza nta kwa barafu kabla ya kukata, maana Oktoba ya Lilongwe huifanya iwe laini kama siagi. Barafu tuliinunua kwa mama aliyeuza maji ya pakiti nje ya geti, naye hakujua kamwe alikuwa anasaidia nini. Alinifunza kutokata nikiwa na hasira. Alinifunza kuandika jina la mgonjwa kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa spiriti hula wino na kuacha penseli. Somo hilo la mwisho nililipata baada ya kufuta majina ya watu sita kwa mpigo, lakini hiyo si aibu niliyoitaja. Hiyo ilikuwa mazoezi.

Ninyi mtakuta mambo yamebadilika. Siku hizi picha ya kioo inapigwa kwa simu na kutumwa kwa bingwa wa mbali, na kuna rangi ya kahawia inayoshika protini moja tu ndani ya seli na kuacha zingine. Hata hivyo lipo jambo moja ambalo hakuna mashine itakayowafanyia, nalo ni kutofautisha kufa na kuoza.

Seli ya mwili wetu imezaliwa na amri ya kufa ndani yake. Ikizeeka au ikiharibika, inajimaliza kwa utaratibu. Inafanana na mgeni mwenye adabu: anakunja mkeka wake, anafunga vitu vyake katika vifurushi vidogo, anaondoka, na wenyeji hawaamki. Chini ya hadubini utaona seli moja imenywea, kiini chake kimekatika shanga nyeusi za duara, na jirani zake wa kulia na kushoto wako wazima kabisa. Saratani ni seli iliyokataa amri hiyo. Na saratani kali ya ubongo ndiyo kaidi kuliko zote, inakua ndani ya fuvu ambako hakuna nafasi ya ziada hata ya kidole.

Ndiyo maana dawa nyingi tunazowapa wagonjwa wa namna hiyo haziendi kuichoma seli. Zinaharibu maandishi ya uhai ndani yake mpaka yenyewe iseme, basi, nimekwisha, na kujimaliza. Watafiti wa leo wanatafuta dawa za kuiamsha amri ile moja kwa moja, hata pale saratani ilipoifungia. Seli zikifa kwa adabu, ubongo hauvimbi sana, na mgonjwa anapata nafuu. Kuoza ni kitu kingine. Kuoza hakuchagui. Mbaya na mzuri, mgeni na mwenyeji, wote wanakwenda pamoja.

Sasa nifike kwa Mama Esta.

Mama Esta alikuwa mshonaji hapa Dzaleka, mtu wa Fizi, Kongo pia, mke wa Papa Wilondja aliyekuwa mzee wa kanisa. Alianza kuumwa kichwa, kisha akaanza kuona cherehani mbili mahali penye moja. Alipopasuliwa mara ya kwanza ilionekana ni ile kali. Akapewa vidonge vya kuzifanya seli zijimalize, akavimeza miezi kadhaa, na akaanza kushona tena. Halafu picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe umekuwa mkubwa zaidi.

Hapo pana mtego ambao ni lazima muuelewe. Uvimbe ukikua kwenye picha baada ya dawa, unaweza kuwa saratani inayosonga mbele. Au unaweza kuwa saratani inayokufa, ikavimba kidogo kwa muda kama jipu linavyovimba kabla ya kutulia. Picha ni ileile. Kama ni ya kwanza, lazima afunguliwe tena haraka na dawa ibadilishwe. Kama ni ya pili, mwache, endelea na vidonge, usimguse. Njia ya kujua ni kutoa kipande kidogo na kukitazama. Maisha ya Mama Esta yalikuwa ndani ya kipande hicho.

Nilikuwepo chumba cha upasuaji Ijumaa alipotolewa kipande hicho. Mayi Gondwe alikuwa na desturi yake: kabla chupa haijafungwa, fundi achukue punje moja ya nyama, aisage kati ya vioo viwili, avitose kwenye spiriti papo hapo. Ni kazi ya dakika moja na inachosha kwa kuwa karibu kila mara haina faida. Niliifanya, nikavitia rangi baadaye, nikaviweka kwenye droo. Kipande chenyewe kiliingia kwenye chupa ya formoli, dawa kali ya kuzuia nyama isioze. Maabara yetu ilikuwa upande mwingine wa mji, gari halikuwepo, na mimi nilibakizwa pale kwa mgonjwa mwingine. Ikafanyika kama inavyofanyika siku zote: chupa alikabidhiwa mwenye mgonjwa. Papa Wilondja aliishika kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, dokotoro," akatoka.

Chupa ilifika maabara Jumatatu asubuhi.

Nilipoifungua sikusikia harufu yoyote. Formoli, vijana wangu, haihitaji kutafutwa. Inakupiga machoni kabla hujafungua kifuniko vizuri. Ile chupa ilinuka kama kikombe kilichooshwa. Nilijua. Pua yangu ilijua kabla yangu. Lakini meza ilikuwa imejaa kazi ya mwisho wa wiki, na Papa Wilondja alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kwa heshima, na mimi mtu wa Kindu, Mwislamu, kuanza kumhoji mzee wa kanisa kuhusu chupa ya mke wake niliona vibaya. Nikamwaga maji yale, nikatia formoli mpya, nikanyamaza.

Daktari wetu alikuja Alhamisi, akiwa na rundo la vioo vya kusoma kabla ya jioni. Alitazama cha Mama Esta, akatabasamu. Seli za saratani zimekufa, alisema, karibu zote. Dawa inafanya kazi. Aendelee na vidonge. Simlaumu, hakujua chupa ilipitia wapi. Mimi nilijua, na bado nilitoka nje nikampigia simu Papa Wilondja kabla ripoti haijasainiwa, kwa sababu habari njema inawasha ulimi.

Jumapili nilikuwa nyumbani hapa kambini. Ngoma za kanisa lao zilianza asubuhi na hazikunyamaza. Mke wangu alirudi sokoni akasema wanasherehekea Mama Esta, amepona, wamemzungusha kanisa zima wakiimba. Nilifurahi kama wao. Jumatatu nilirudi kazini, na kabla ya kuhifadhi kioo nilikiweka chini ya hadubini nitazame mwenyewe hiyo furaha.

Seli za saratani zilikuwa zimekufa kweli. Nikasogeza kioo pembeni, palipokuwa na kipande kidogo cha ubongo mzima. Nazo zimekufa. Nikatafuta mshipa wa damu. Ukuta wake umekufa. Hapakuwa na shanga nyeusi, hapakuwa na seli moja iliyonywea kati ya jirani wazima, vyote vilikuwa vimefifia sawasawa kama nguo iliyosahauliwa juani. Dawa haifanyi hivyo. Hakuna kilichokuwa kimejimaliza pale. Nyama ilikuwa imeoza tu, ndani ya maji, siku tatu.

Nilikaa chini. Sitawaficha nilichofikiria kwanza, maana hakikuwa Mama Esta. Nilifikiria kibali changu cha kazi, ambacho kilikuwa kinakaribia kwisha, na jinsi mkimbizi anavyohitaji barua nzuri ya mkuu wake ili kipewe tena muhuri. Nilifikiria kwamba hakuna aliyeniona nikinusa ile chupa. Pengine dakika kumi nilikaa na mawazo hayo. Halafu nikamkumbuka yule mama anameza vidonge ambavyo labda havimsaidii tena, huku watu wanamwimbia, na kitu kinaendelea kukua.

Mayi Gondwe alikuwa anahesabu vioo vipya. Nilimweleza yote, tangu pua mpaka simu. Hakunipigia kelele, na ningependelea angepiga.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Ni wewe na mi tu, Mayi."

"Pepani, pole, Ramazani. Basi tunaenda kwa daktari sasa hivi, tuwe watatu." Akavua glovu. "Na lete vile vioo vyako vya kusaga. Au hukusaga?"

Nilikuwa nimesaga. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mama mkali wa Karonga, kwamba kwa mara ile moja kazi isiyo na faida nilikuwa nimeifanya. Punje ile iliingia spiriti ndani ya dakika ile ile iliyotoka kichwani, haikupata nafasi ya kuoza. Daktari alivisoma vile vioo viwili muda mrefu. Saratani ilikuwa hai. Seli nyingi, zinagawanyika. Lakini hapa na pale, kati ya zilizo hai, alituonyesha seli zilizonywea zenye shanga zao nyeusi: vidonge vilikuwa vinaamsha amri, ila kwa chache. Aliifuta ripoti ya kwanza mbele yetu, akampigia daktari wa upasuaji. Kwangu alisema neno moja tu, kwamba siku nyingine nikinusa nifungue na mdomo.

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu. Niliomba ruhusa, nikapanda basi dogo mpaka njia panda, kisha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka kambini, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Papa Wilondja uani kwake, akanipa kiti, akaitisha chai. Chai sikuinywa. Nilimuuliza chupa ilipitia wapi.

"Ilipita huku," alisema bila kusita, kwa Kiswahili cha kwetu Kongo. "Ijumaa nilikuta labo bashafunga, nikakuya nayo. Bantu ba kanisa balisema tuiombee. Sasa kufungua, ile harufu, bote balianza kulia macho. Dada yangu akasema, lakini hii shi formol? Formol ni ya maiti. Kwetu banaitia mutu kwa morgue. Mutu akingali muzima, unatia nyama yake mu formol namna gani? Njo kusema ashakufa. Tukaimwaga. Tukatia maji ya maombi, ya safi."

Nami nilimwelewa. Hata Kindu, ukisikia formoli ndani ya nyumba, unauliza msiba ni wa nani. Hakuna aliyewahi kumwambia Papa Wilondja kwamba chupani formoli inafanya kazi nyingine, kwamba inaisimamisha nyama ilivyo ili itoe ushahidi wa kweli. Mimi nilikuwa wa kumwambia Ijumaa ile, kwa Kiswahili chetu, na haikunijia akilini. Nikamweleza sasa. Nikamwambia kipande kilioza, kwamba Mama Esta hajapona, kwamba anatakiwa arudi hospitali wiki hii.

Uso wake ulibadilika. "We Mwislamu unakuya kuniambia maombi yetu njo iliharibu?"

"Hapana, Papa. Hata maji ya bomba ingeoza vile vile. Kosa ni yangu. Mi nilifungua chupa nikasikia haina formol, nikanyamaza. Na mi njo nilikupigia simu mbele ya wakati."

Alikuwa na haki ya kunifukuza. Kelele za cherehani ndani zilikuwa zimekoma bila sisi kutambua. Mama Esta alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha buluu begani, na sikujua amesimama hapo tangu lini.

"Mi nilikuwa najua," alisema.

Mume wake akageuka. "Unajua nini?"

"Mukono. Iko inaangusha sindano tangu wiki mbili. Lakini bantu bote banaimba, we unacheka, batoto banacheka. Ningeambia nani?" Akakaa chini kwenye kizingiti. "Merci, Papa Ramazani. Sasa naweza kusema kama naumwa."

Papa Wilondja alilia, na mimi nililia, na chai ikapoa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa lake akawaambia watu ukweli wote, pamoja na habari ya maji, jambo ambalo mimi sijui kama ningeliweza.

Mama Esta alipasuliwa tena wiki hiyohiyo, wakatoa walichoweza, akabadilishiwa dawa. Aliishi miaka miwili na zaidi. Najua kwenu ninyi miaka miwili si kitu. Yeye ndani yake alimfunza binti yake kukata suruali na shati la shule, akamwoza kijana wake wa kwanza, na alikuwa akisema wazi siku ya maumivu na siku isiyo na maumivu. Mimi kibali changu kilipigwa muhuri. Mayi Gondwe aliandika kwenye barua kwamba mtu huyu husema anapokosea, na barua hiyo ninayo sandukuni.

Yeyote atakayewapa chupa ya mtu, vijana wangu, muulizeni imepitia wapi, na muulizeni kwa lugha anayootea ndoto. Na anayeibeba mwelezeni ndani kuna nini na kwa nini. Hilo ndilo ombi langu kwenu. Lakini ipo siku moja ningependa muijue kabla sijaweka kalamu chini.

Kabla ya upasuaji ule wa mwisho Mama Esta alipita maabara na mume wake. Alisema anataka kuona hicho kitu kinachoishi kichwani mwake. Si ruhusa, wagonjwa hawaingii. Mayi Gondwe alitazama saa ya ukutani, akasema anakwenda kununua barafu. Nikamkalisha Mama Esta kwenye kiti changu, nikaweka kile kioo cha kusaga, nikamwongoza jicho. Kwanza aliona zambarau tupu. Kisha akaanza kuona seli moja moja.

"Hizi zote ni ile mubaya?"

"Zote, Mama."

"Na hii ya kadogo, yenye shanga?"

"Hiyo njo inakufa. Dawa uliyokunywa iliiambia ikufe, ikakubali."

Alinyoosha mkono, nikamwonyesha jinsi ya kusogeza kioo taratibu kwa kidole gumba, na kwa mkono ule ulioangusha sindano alikisogeza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowaona. Alipata ya pili, pembeni kabisa. Akapata ya tatu. Papa Wilondja aliniuliza kwa sauti ndogo mke wake anasema nini, kwa sababu midomo ilikuwa inacheza. Niliinama nisikie. Kila alipoipata moja iliyokufa alikuwa anaiambia merci, asante, kisha anasogeza kioo kwenda kutafuta nyingine, na nilimwachia kiti mpaka saa ya kufunga.